Ngome ya Himeji: mbao, udongo na chokaa tangu 1609. Anayesema mbao ni za banda la kuku aingie hapa

Patasi Kali (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kule kwenye uzi wa nyumba za mbao kuna mdau kaandika kwamba mbao ni za banda la kuku, jengo la maana ni zege. Sikutaka kuharibu uzi wa watu, nikaona nifungue huu. Mimi ni seremala, niko Kobe, Japani, kwa shughuli zangu, na Himeji ni safari fupi ya treni kutoka hapa. Ninayoandika mengine nimeyaona kwa macho, mengine nimeyasoma kwenye vibao vyao.

Himeji ni ngome ya vita, siyo hekalu wala nyumba ya kifahari. Mnara wake mkuu ulikamilika 1609 chini ya Ikeda Terumasa, mkwe wa Tokugawa Ieyasu, yule aliyekuja kuishika Japani yote. Ukiutazama kwa nje unahesabu mapaa matano. Ukiingia unapanda sakafu sita, na chini yake kuna chumba kingine kilichozama ndani ya msingi wa mawe. Jengo lenyewe lina mita 31.5, na limekalia msingi wa karibu mita 15. Mifupa yake yote ni mbao.

Kinachobeba ni nguzo kuu mbili, ya mashariki na ya magharibi. Kila moja ina karibu mita 25, na kwenye shina unene wake unakaribia mita moja. Zinaanzia chumba cha chini kabisa na kupenya sakafu moja baada ya nyingine hadi zinapoishia chini ya ghorofa ya juu. Boriti na mihimili ya kila sakafu inashikana nazo. Jengo zima linakadiriwa kuwa na uzito wa zaidi ya tani 5,000, na sehemu kubwa ya uzito huo ni vigae na udongo.

Udongo, ndiyo. Kuta za ngome hii, wakuu, ni mbavu za mbwa. Mianzi imepasuliwa na kufungwa kwa kamba kama chanja, ikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu ya mpunga, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisubiri la chini yake likauke. Mwisho wanapiga chokaa yenye nyuzi za mimea na gundi ya mwani. Chokaa hiyo haiko pale kwa urembo. Adui wa ngome ya mbao ni moto, kwa hiyo kila ubao unaoelekea nje umefunikwa, hata mbao za chini ya mapaa ambazo kwetu tunaziacha wazi. Weupe huo ndio uliowafanya wenyeji waiite Ngome ya Yangeyange.

Sasa mambo iliyopitia. Miaka ya 1870, serikali mpya ilipoona ngome ni mzigo, hii iliuzwa kwa mnada kwa yen 23. Aliyenunua akaona gharama ya kubomoa ni kubwa kuliko faida ya kuuza mabaki, akaachana nayo. Usiku wa 3 Julai 1945 mji wa Himeji uliteketezwa kwa mabomu ya moto. Moja lilitua ghorofa ya juu ya mnara, halikulipuka. Tetemeko la 17 Januari 1995 lililoua zaidi ya watu 6,000 upande huu wa nchi lilipita, mnara ukabaki. Wenyeji wanasimulia hadi leo kwamba chupa ya pombe iliyokuwa kwenye madhabahu ghorofa ya juu haikuanguka.

Leteni zege yenu sasa.

Mkorofi wa Tandika

Naweka kambi hapa. Picha ziko wapi lakini?

Simba Mtulivu

Mkuu umesahau kitu muhimu. Hawa jamaa hawakutumia hata msumari mmoja. Niliona video, mbao zinaingiana tu zenyewe.

Patasi Kali

Hapana, mkuu. Hiyo ya "bila msumari hata mmoja" imeenea sana mtandaoni, ila kwa ngome siyo kweli. Misumari ya chuma ipo, na vibano vya chuma vipo. Nguzo kuu zenyewe ukizisogelea utaona mikanda ya chuma. Kilicho kweli ni kwamba msumari haukabidhiwi kazi ya kubeba. Ulimi na tundu ndivyo vinavyobeba, kigingi na kabari vinakaza, msumari unashikilia kitu kisichezecheze. Fundi wetu wa kenchi anafanya kinyume: anakata mbao mbili, anazilaza moja juu ya nyingine, anapiga inchi nne nane, anapokea hela yake anaondoka.

Injinia wa Bwiru

Mleta mada nimekusoma kwa utulivu, na kazi nzuri. Lakini tuwe wakweli.

Kwanza, Himeji ilikuwa mbali na kitovu cha tetemeko la 1995. Kobe ndiyo iliyopondeka. Ukitaka kupima jengo kwa tetemeko, pima kwa lililolipiga sawasawa. Hiyo chupa ni simulizi tamu, siyo kipimo.

Pili, hujasema kitu kuhusu matengenezo ya 1956 hadi 1964. Waambie watu nini kilifanyika chini ya ule mnara.

Patasi Kali

Injinia, nilikuwa nafika huko, umenitangulia tu.

Kuna kisa maarufu pale Himeji. Fundi mkuu wa ujenzi, Sakurai Genbei, alimpandisha mkewe juu ya mnara ulipokamilika. Mke akasema ni mzuri, ila mbona umeinamia kusini mashariki? Fundi akawaza: kama mwanamke asiye seremala ameliona kwa jicho tu, basi nimekwisha. Akajirusha kutoka juu na patasi mdomoni. Ni hadithi, hakuna anayeweza kuithibitisha.

Ila mnara ulikuwa umeinama kweli, tena kusini mashariki. Walipoufungua wakakuta sababu: ardhi na mawe ya msingi upande ule vilikuwa vimetitia chini ya uzito. Tani zote zile zilikuwa zinashuka kupitia nguzo na kutua juu ya mawe yaliyolazwa kwenye udongo wa kilima.

Wakafanya ambacho kwa jengo la zege hakiwezekani. Waliushusha mnara wote, kigae kwa kigae, ubao kwa ubao, kila kimoja na alama yake. Wakamwaga msingi mpya, wakakagua kila kipande, kilichooza wakakibadilisha, kisha wakaurudisha. Mawe ya msingi ya zamani yamepangwa nje kwenye uwanja wa ngome vile vile yalivyokuwa chini, unaweza kuyakanyaga.

Injinia wa Bwiru

Na huo msingi mpya ulikuwa wa nini, mkuu? Usione haya.

Patasi Kali

Wa zege 😂

Mkorofi wa Tandika

Uzi umefungwa. Asanteni kwa kuja.

Patasi Kali

Haujafungwa popote. Kilichoshindwa ni ardhi, siyo mbao. Na zege imewekwa mahali pake, chini, inapokandamizwa tu.

Matsumoto nako hivyo hivyo. Ile ngome nyeusi ya miaka ya 1590 iliinama vibaya mpaka picha za zamani zinatisha. Waliokuja kuifungua 1950 hadi 1955 wakakuta kwamba ndani ya kile kilima cha mawe wajenzi wa kwanza walikuwa wamezika nguzo 16 za mbao kupokea uzito wa mnara. Zimeoza zote. Fundi yeyote wa hapa nyumbani angewaambia: mbao iliyozikwa kwenye udongo wenye unyevu ina siku zake.

Mchana Mbao Mafinga

Mimi nipo kwenye biashara ya magogo, swali langu ni la mti. Mita 25 bila kuungwa, kipenyo cha mita? Ni mti gani huo? Huku tunavuna paina na saipresi zikiwa na miaka ishirini na kitu, gogo kubwa sana nikiliona nafurahi siku nzima. Na mchwa je? Au Japani hawana?

Patasi Kali

Mchwa wapo, mkuu, tena wanawasumbua. Wanachofanya ni kuiweka nguzo juu ya jiwe, siyo kuichimbia. Jiwe linaiinua kutoka kwenye unyevu, na chini ya sakafu upepo unapita, mtu anaweza kuingia kukagua. Mianya ya ukaguzi wanaiheshimu kuliko sisi.

Mti wanaousifu ni hinoki, ndugu wa hiyo saipresi yako. Unanyooka, una harufu nzuri, una mafuta yanayokataa kuoza, na unachongeka vizuri. Kwenye boriti za kubeba wanapenda paina, na hapa kuna utaalamu nilioupenda: wanachukua gogo lililopinda kwa asili na kulilaza mgongo ukiwa juu. Mzigo ukishuka, gogo linajinyoosha kidogo badala ya kubonyea. Ukiangalia juu kwenye ngome zao za zamani utaona boriti zimejikunja kama nyoka, na alama za tezo bado zinaonekana. Huku kwetu gogo lililopinda linaenda kuni.

Nguzo ya mashariki ya Himeji siyo hinoki. Ni mti mwingine wa jamii ya misonobari, na ndiyo ile ile ya 1609. Waliikata sehemu ya chini tu iliyooza, wakaiunga mguu mpya. Ya magharibi ilikuwa imechoka zaidi, ikabidi ibadilishwe yote. Hapo ndipo walipokutana na swali lako. Walitafuta hinoki mrefu kiasi kile, wakaupata kwenye misitu ya Kiso, ukavunjika wakati wa kuusafirisha. Fikiria hali ya yule dereva. Wakapata mwingine kwenye eneo la hekalu la Kasagata, siyo mbali na Himeji, na ulipofika mjini wananchi wakaukokota kwa kamba kama harusi. Mwisho nguzo ikatengenezwa kwa vipande viwili vilivyoungwa usawa wa ghorofa ya tatu. Nguzo ya zamani imelazwa nje, imepasuka pasuka, watalii wanapita bila kuiangalia. Mimi huwa nakaa pale zaidi ya ndani.

Bint Mkunazini

Assalam alaykum ndugu zangu. Mie nimecheka hapo kwenye gundi ya mwani. Mama zetu Paje na Jambiani wamepinda migongo kwa kilimo cha mwani, na sote twajua unakwenda nje kwa viwanda vya chakula na dawa. Hakuna alowahi kuniambia kuwa wako watu wanapakia ngome.

Lakini kaka Patasi, hilo la urefu wa mti hata kwetu lipo. Ingia nyumba yoyote ya kale ya Mji Mkongwe, au nenda Lamu, utaona vyumba ni virefu na vyembamba. Si mapenzi ya mwenye nyumba. Ni boriti ya mkoko. Boriti haitoki ndefu, mita tatu hivi zinazofaa kubeba dari la mawe na chokaa, basi na chumba kinakomea hapo. Mjenzi alipimiwa na mti. Na chokaa yetu ilichomwa kwa matumbawe na kuni, ikalazwa muda mrefu kabla ya kupakwa. Siku hizi watu wanakandika saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu unanaswa ndani, ukuta unaoza huku nje unang'ara. Hao Wajapani chokaa yao wamebakia nayo au nao wamehamia saruji?

Patasi Kali

Waalaykum salaam dada. Wamebakia nayo. Matengenezo ya mwisho ya mnara, 2009 hadi 2015, yalikuwa hasa ya mapaa na chokaa. Vigae kama 75,000 vilishushwa, vikakaguliwa na kurudishwa, na kila kiungo cha kigae kikasilibwa chokaa upya kwa mkono. Ilipofunguliwa Machi 2015 ilikuwa nyeupe kupita kiasi hadi watu wakalalamika kwamba imeharibiwa. Hawakuwa wamewahi kuiona ikiwa mpya. Kuvu na vumbi vimeshaanza kurudi, malalamiko yameisha.

Na ulichosema kwamba mjenzi alipimiwa na mti, ndicho hicho hicho. Ngome zao zimepangwa kwa vipimo ambavyo boriti moja inaweza kuvifikia.

Injinia wa Bwiru

Haya, na mimi nitoe changu. Osaka, hapo hapo jirani na mleta mada. Mnara wa ngome ya Osaka wa mbao ulipigwa radi 1665 ukateketea. Mji ukakaa bila mnara kwa zaidi ya miaka 260. Mwaka 1931 wakajenga wa zege kwa michango ya wananchi. Vita vikapita, mabomu yakaanguka kuuzunguka, umesimama. Ukakarabatiwa miaka ya 1990, leo una lifti na makumbusho ndani. Hilo mnaliitaje?

Na Shuri kule Okinawa, ya mbao, imejengwa upya 1992 kwa ufundi wote mnaousifu. Usiku wa 31 Oktoba 2019 umeme au chochote kile, moto ukala ukumbi mkuu ukaisha hadi asubuhi.

Patasi Kali

Osaka nakupa, injinia. Ni jengo zuri. Na moto ndiyo jibu ambalo sisi wa mbao hatuna la kujibu zaidi ya ulinzi. Shuri niliangalia moja kwa moja kwenye televisheni, sitaki hata kukumbuka. Ujenzi upya walianza 2022, na bado wamechagua mbao.

Ila umeruka Nagoya. Mnara wake wa mbao wa 1612 uliungua kwenye shambulio la anga la 14 Mei 1945. Wakajenga wa zege 1959. Mei 2018 wakaufunga kwa sababu haukidhi viwango vya tetemeko. Haujafikisha hata miaka sitini! Na sasa mji unataka kuubomoa na kurudisha wa mbao, makadirio yakafika yen bilioni 50. Uzuri wao ni kwamba kabla ya vita walikuwa wameupima mnara wote na kuuchora karatasi kwa karatasi, na picha za vioo zipo. Jumba la bwana lililo chini ya mnara wameshalimaliza kwa hinoki, 2018. Ukiingia unanusa mti.

Sauti ya Kiti

Naomba niingie hapa, maana natumia kiti cha magurudumu na hii habari ya Nagoya nimeifuatilia.

Mnara wa zege ulikuwa na lifti. Mpango wa mbao, kwa sababu ya "uhalisia wa 1612", haukutaka lifti ya kufika juu. Watu wenye ulemavu wakapinga. Mwaka 2023 kukawa na kikao cha wananchi, na mtu aliyeomba lifti alitupiwa maneno ya kudhalilisha mbele ya maofisa na hakuna aliyezuia. Mji ukaomba radhi baadaye. Kwa hiyo mnaposifia viungo na harufu ya mti, kumbukeni kwamba mwaka 1612 hakukuwa na taa za dharura, vizima moto wala vibao vya "toka huku", na vyote hivyo watavifunga bila kulia uhalisia. Uhalisia unakumbukwa tu ikifika zamu yetu.

Mkorofi wa Tandika

Mkuu hapa nimenyamaza. Umesema kweli.

Simba Mtulivu

Lakini ngome ilijengwa ili watu wasipande. Ngazi za Himeji mleta mada anajua, ni kama za kupandia darini. Ukiweka lifti inabidi utoboe sakafu zote na ukate boriti. Hapo siyo ngome ya 1612 tena.

Sauti ya Kiti

Himeji sijadai lifti. Ile ni ya 1609 kweli, nguzo ile ile, naelewa. Nagoya itakuwa jengo jipya la karne hii, kwa kodi ya watu wa karne hii. Seremala atakayechora sakafu anaweza kuacha tundu tangu mwanzo, boriti zikapita pembeni. Sivyo, mleta mada?

Patasi Kali

Ndivyo. Kiufundi inawezekana. Ukiacha tundu kwenye mchoro tangu mwanzo unalizungushia boriti fupi kama tunavyofanya kwenye ngazi. Kutoboa baadaye ndiyo shida. Mimi nipo upande wako kwenye hili, na wanaofikiri hivyo hata hapa Japani ni wengi.

Kwa taarifa tu, sheria yenyewe inawabana. Kanuni zao za ujenzi kwa muda mrefu ziliweka kikomo cha mita 13 kwa jengo la mbao la namna hii. Ozu, mji mdogo mkoa wa Ehime, walipotaka kurudisha mnara wao uliobomolewa 1888 ilibidi waombe kusamehewa kikomo hicho. Walikuwa na picha za zamani na kielelezo kidogo cha mbao cha mnara. Wakamaliza 2004, mita 19 na kidogo, na wananchi walichangia miti. Mwaka 2020 wakaanza kulaza wageni humo, na bei ya kuanzia ilikuwa yen milioni moja kwa usiku mmoja, watu wawili. Injinia, nikuwekee nafasi?

Injinia wa Bwiru

Kwa milioni moja ya yen nalala kwenye zege yangu hapa Bwiru na kiyoyozi, na chenji inabaki.

Mchana Mbao Mafinga

Mleta mada rudi kwenye ule mguu mpya wa nguzo ya mashariki. Wameungaje? Nina nguzo za kibanda cha mashine zimeoza chini, juu ziko safi kabisa. Kila fundi ananiambia ng'oa zote.

Patasi Kali

Usizing'oe. Sijui kama nguzo ya Himeji yenyewe waliikata kwa umbo hili, ila kiungo kinachotumika sana huku kwa kazi hiyo ni hiki.

Kata kipande kilichooza, panda juu mpaka ufike kwenye mbao nzima. Ncha ya nguzo ya juu na ncha ya mguu mpya unazikata kwa umbo moja, kila moja ni pacha wa mwenzake. Unaondoa nusu ya unene kwa urefu wa kama mara tatu ya upana wa nguzo. Mwishoni mwa kila ncha unaacha ulimi mfupi, na kwenye bega la mwenzake unachimba tundu la kuupokea. Katikati ya ule uso mrefu unaweka kidato, ili vipande viwili vishikane kama vidole vilivyokunjwa. Ukivikutanisha kwa ubavu unabaki na mwanya mdogo wa mraba katikati, pale kwenye vidato. Ndiyo kufuli yake. Unagongea kabari mle, moja kutoka kila upande, kila kipande kinasukumwa mpaka ulimi wake unazama kwenye tundu la mwenzake. Hauvutiki, haupindi kirahisi, na ukitaka kuubadilisha baadaye unagonga kabari zikatoka.

Kabla ya kukata, tegemeza paa kwa jeki mbili na boriti ya muda, usimwamini mtu anayesema litajishikilia. Kabari iwe ya mti mgumu kuliko nguzo. Nguzo zako kama ni paina, kabari ya mninga inatosha. Mguu mpya uwe mkavu, tena mkavu kweli, maana ukisinyaa baada ya kuunga kabari zitalegea. Chini yake weka jiwe bapa au kipande cha zege kilichoinuka juu ya ardhi.

Injinia wa Bwiru

Kipande cha zege. Nimeisoma hiyo mara mbili.

Mchana Mbao Mafinga

Nguzo ni inchi sita kwa sita. Ulimi niuache kiasi gani?

Patasi Kali

Inchi moja inatosha, na tundu lizidi kidogo sana kwa kina ili mabega yagusane kabla ulimi haujafika chini. Mabega ndiyo yanayobeba. Jaribu kwanza kwenye vipande vya mabaki.